Kupima mwanga wa nyota za eksirei, kwasari na nyota mkia kwa darubini ya kawaida

Eksirei zinazotoka angani hazifiki ardhini. Hewa iliyo juu yetu inazimeza zote, ndiyo maana vyombo vya kuzipima hurushwa kwa roketi. Basi mtu mwenye darubini ya kioo ya milimita 200, aliyesimama uwanjani nyuma ya nyumba yake Kondoa, ana kazi gani na vyanzo vya eksirei? Anayo, tena kubwa. Gesi inayotoa eksirei wakati inaangukia shimo jeusi (kitu kizito mno ambacho hata mwanga hauchomoki) au nyota nutroni (kiini kidogo kizito kilichobaki nyota kubwa ilipolipuka) huwaka pia kwa mwanga wa kawaida, na mwanga huo hupanda na kushuka. Kuupima kunataka giza, ramani nzuri, uvumilivu, na uaminifu wa kuandika ulichokiona badala ya ulichotarajia kukiona.

Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari. Mwongozo huu namwandikia mtu ambaye darubini anayo, pete za Zohali ameshaziona, miezi ya Mshtarii ameshaihesabu, na sasa anajiuliza afanye nini zaidi. Namwambia aanze kupima. Nitatumia aina tatu za vitu: nyota za eksirei, hasa zile zinazolipuka ghafla na kufifia, kwasari, yaani kiini kikali cha galaksi ya mbali, na nyota mkia. Kwa sura havifanani hata kidogo, lakini mkono wa kuvipima ni mmoja.

Kabla ya vifaa, jambo moja ambalo wanafunzi wangu hulisikiliza kwa makini kuliko yote. Satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani peke yake ilirushwa kutoka kwetu Afrika Mashariki, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Waliorusha ni Waitalia, roketi na satelaiti ni za Wamarekani. Siku ile Kenya ilikuwa inaadhimisha miaka saba ya uhuru, na Marjorie Townsend, mhandisi aliyesimamia mradi huo NASA, akaiita Uhuru. Orodha yake ya nne ina vyanzo 339, na kila kimoja kina jina linaloanza na 4U. Hiyo U ni ya Uhuru. Wanaastronomia wa Japani, Chile au Ujerumani wanaandika herufi hiyo kwenye makala zao mpaka leo. Malindi haikuchaguliwa kwa bahati: ukirusha kutoka karibu na ikweta, satelaiti inazunguka juu ya ikweta na kukwepa sehemu kubwa ya mnururisho unaovuruga vipimo.

Vifaa na mahali

Darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 200, ile ya kusukuma kwa mkono juu ya kitako cha mbao, inatosha. Mahali penye giza la kweli itakufikisha magnitudi 13.5, na macho yakiwa mazuri utapita hapo kidogo. Kwa asiyezoea: magnitudi ni kipimo cha mwanga kinachokwenda kinyume, namba ikiwa kubwa nyota ni hafifu, na tofauti ya magnitudi 5 ni sawa na mwanga mara 100. Jicho tupu huishia karibu na 6.

Uwe na lenzi ya jicho ya kukuza kidogo (mimi natumia ya milimita 25) na nyingine ya kukuza zaidi, ya milimita 10. Uwe pia na darubini ya macho mawili ya 10x50, maana kwa nyota mkia hiyo ndiyo chombo cha kwanza. Tochi ifunikwe kwa plastiki nyekundu mpaka mwanga wake uwe hafifu kiasi cha kusoma tu. Simu iache ndani. Hata ukiweka kioo chake kiwe chekundu, bado inang'aa mno, na macho yaliyozoea giza kwa nusu saa yanaharibika kwa sekunde moja.

Ramani zichapishe kwenye karatasi. Daftari liwe gumu, kalamu iwe ya risasi, maana wino ukifikiwa na umande unachuruzika. Toa darubini nje mapema, jua likishazama, ili kioo kipoe kilingane na hewa. Kioo chenye joto kinafanya nyota zichemke, na kadirio la nyota inayochemka halifai.

Mjulishe mwenyekiti wa kitongoji na walinzi wa usiku. Mtu asiyejua, akikukuta saa nane za usiku na bomba refu jeupe limeelekezwa juu, ana haki ya kuingiwa na hofu. Mkaribishe atazame. Mimi huanza kumwonyesha Zohali, kisha namweleza kazi niliyo nayo, na tangu hapo majirani wenyewe huzima taa za nje wakiniona nimetoka.

Siku tano kabla na baada ya mwezi mpevu usihangaike na vitu hafifu. Lala.

Zoezi la kwanza: nyota ya 4U unayoweza kuiona kwa darubini ya macho mawili

Mwezi Juni au Julai, kama saa tatu usiku, tazama upande wa kusini. Kundi la Nge limepanda juu, mkia umejikunja. Kwenye mkia, pale unapoanza kupinda, kuna nyota mbili zilizokaribiana ambazo jicho tupu linazitenganisha: hizo ni Mu Scorpii. Ziweke upande wa magharibi wa uwanja wa darubini ya macho mawili. Nyuzi mbili na nusu hivi kuelekea mashariki kuna nyota ya magnitudi 6.5 inayoitwa HD 153919. Tumia ramani, kwa sababu eneo lile limejaa nyota.

Nyota hiyo ndiyo 4U 1700-37. Ni jitu la buluu, na kila baada ya siku 3.4 linazungukwa na kitu kidogo kizito kinachomeza upepo wake na kutoa eksirei. Mabadiliko ya mwanga wake ni madogo mno kwa jicho, kwa hiyo hakuna cha kukadiria. Lakini itafute. Ukiipata kwa ramani, bila msaada wa simu, umejifunza nusu ya kazi, na ile U ya Malindi utakuwa umeiona kwa macho yako mwenyewe.

Kadirio lenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kila kitu kinategemea hatua hii.

Lengo la kwanza la kupimwa liwe Scorpius X-1. Hiki ni chanzo cha kwanza cha eksirei kugunduliwa nje ya mfumo wa jua letu: mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutoka New Mexico, ikakaa juu ya hewa kwa dakika chache tu, ikakiona. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Kwa kawaida hakuna nyota nyingine angani inayotufikishia eksirei nyingi kama hiyo, ukiliacha Jua. Kwa mwanga wa kawaida ni nukta ya magnitudi kati ya 12.2 na 13.2, ikibadilika ndani ya saa, hata ndani ya dakika. Ni nyota nutroni inayonyonya gesi ya mwenzake, na mwanga tunaouona sisi unatoka hasa kwenye sahani ya gesi iliyopashwa moto na eksirei zenyewe.

Ipo nyuzi tano hivi kaskazini-mashariki mwa Beta Scorpii. Kutoka Kondoa hupita karibu na utosi, kimo cha nyuzi 79. London haipandi zaidi ya nyuzi 23. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, kwa sababu mwanga unaopita kwenye hewa nyembamba juu ya kichwa haupotei kama ule unaolala kwenye vumbi la upeo wa macho.

Pata ramani yake kutoka AAVSO, jumuiya ya Wamarekani ya watazamaji wa nyota badilifu, yaani zinazobadilika mwanga, iliyoanzishwa mwaka 1911 na inayopokea watazamaji wa nchi zote. Kwenye tovuti yao andika jina la pili la nyota hiyo, V818 Sco, chagua ukubwa wa uwanja, chapisha. Pembeni ya nyota kadhaa utaona namba kama 122 au 130. Hizo ni magnitudi 12.2 na 13.0; nukta ya desimali imeondolewa ili isidhaniwe kuwa nyota. Nyota zenye namba ndizo za kulinganishia.

Tumia kwanza ramani ya uwanja mpana, kisha ile nyembamba. Kumbuka darubini ya kioo inageuza picha juu chini, kwa hiyo geuza karatasi mpaka pembetatu za nyota zilingane na unachokiona. Usikubali neno "nadhani ndiyo hii". Hakikisha kwa nyota tatu au nne za jirani.

Ukishaipata, chagua nyota mbili za kulinganishia: moja inayong'aa kidogo kuliko yako, nyingine iliyo hafifu kidogo. Tuseme ni 122 na 130. Nafasi kati yake ni 0.8. Jiulize nyota yako imekaa wapi katika nafasi hiyo. Kama imekaa robo ya njia kutoka kwenye ile angavu, ni 12.2 jumlisha 0.2, yaani 12.4. Kama iko katikati hasa, 12.6. Basi, hilo ndilo kadirio. Mtazamaji aliyezoea hukosea kwa 0.1 au 0.2, na hiyo inatosha kabisa kwa nyota inayobadilika kwa magnitudi nzima.

Mambo ya kuzingatia ni haya. Usiikazie nyota macho moja kwa moja; tazama pembeni yake kidogo, maana katikati ya jicho hapaoni gizani. Lakini nyota zote unazozilinganisha zitazame kwa namna ileile, moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa katikati ya uwanja. Sogeza kichwa ili mstari wa nyota mbili ulale sambamba na macho yako, kwa kuwa nyota iliyo chini huonekana angavu kuliko ilivyo. Nyota nyekundu usizikodolee: kadiri unavyozitazama ndivyo zinavyozidi kung'aa machoni. Na kubwa kuliko yote, usifungue ukurasa wa jana. Ukishajua kwamba jana uliandika 12.6, jicho litakutafutia 12.6. Mimi ukurasa wa zamani naubana kwa kibanio cha nguo kabla sijatoka nje.

Ukishindwa kuiona, kazi yako haijapotea. Tafuta nyota hafifu kuliko zote unayoiona kwa uhakika katika uwanja uleule. Kama ni 134, andika <13.4, maana yake kitu hicho kilikuwa hafifu kuliko 13.4 saa ile. Kwa nyota zinazolipuka, alama hiyo ndiyo inayowaambia watafiti kwamba mlipuko ulikuwa haujaanza. Namheshimu mtazamaji anayetuma "sikuiona" nyingi zilizo safi kuliko anayetuma makadirio anayoyatilia shaka.

Saa, tarehe na namba ya Julian

Vipimo vyote huandikwa kwa saa za dunia, UT, ambazo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Anayefikiri kwa saa za Kiswahili ana njia ya mkato: chukua saa ya usiku, jumlisha 15. Saa tatu na dakika arobaini usiku ni 18:40 UT. Ukivuka 24, toa 24: saa kumi na dakika ishirini alfajiri inakuwa 25:20, yaani 01:20 UT.

Tarehe ndiyo inayowachanganya wengi. Katika usiku wa kuamkia tarehe 14, tarehe ya UT inabaki 13 mpaka saa tisa za usiku. Hapo ndipo inapogeuka kuwa 14.

Namba ya Julian, inayohesabu siku bila miezi wala miaka, inatufaa zaidi. Siku yake mpya huanza saa sita mchana UT, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Kwa hiyo usiku wetu mzima, tangu magharibi mpaka alfajiri, una namba moja. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Juni 2025 wote ni 2460828. Saa tatu usiku ni .25, saa sita usiku ni .375, saa tisa usiku ni .50. Watazamaji wa Ulaya namba inawabadilikia mchana na wa Marekani inawabadilikia asubuhi mapema. Sisi tunaandika moja juu ya ukurasa na kujaza desimali tu.

Zinapolipuka

Scorpius X-1 iko daima. Nyingine hulala miaka mingi, kisha huamka kwa wiki chache. Juni 2015 V404 Cygni, shimo jeusi lenye nyota mwenza katika kundi la Dajaja, liliamka baada ya miaka 26. Satelaiti ya Swift ndiyo iliyotoa taarifa tarehe 15. Kitu ambacho kwa kawaida kiko karibu na magnitudi 18, nje kabisa ya uwezo wa darubini yangu, kilipanda mpaka kati ya 11 na 12, na mwanga wake ukawa unaruka na kushuka ndani ya dakika. Watafiti wa Japani wakishirikiana na watazamaji wa nchi nyingi, wakiwemo wasio wanaastronomia wa kuajiriwa, walikusanya vipimo hivyo, na matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 2016. Walionyesha kwamba mapigo ya gesi inayoingia kwenye shimo jeusi yanaweza kufuatiliwa kwa mwanga wa kawaida.

Hapo ndipo ninapoona nafasi yetu. Kwetu saa nne usiku mwezi Juni, Japani kunakaribia kucha, Australia mashariki vivyo hivyo, Ulaya jua ndiyo kwanza linazama, Marekani ni mchana. Afrika Kusini wako nasi, ila kwao Dajaja inalala chini kaskazini; V404 Cygni kutoka Kondoa hupanda mpaka nyuzi 51 usiku ukiendelea. Kwenye grafu ya nyota kama hiyo, masaa yale yana pengo, na mtu mmoja mwenye daftari Kondoa, Nanyuki au Mbarara anaweza kuliziba.

Ili taarifa zikufikie, jiandikishe kupokea matangazo ya AAVSO kwa barua pepe, na uwe unasoma Astronomer's Telegram, tovuti ya taarifa fupi za haraka za watafiti wa anga. Vyombo vinavyopiga doria ya eksirei ni pamoja na MAXI, iliyo kwenye kituo cha anga cha kimataifa tangu 2009, Swift, iliyorushwa 2004, na Einstein Probe ya China, iliyorushwa Januari 2024. Taarifa ikitoka, fanya mambo matatu haraka: chapisha ramani, angalia kama kitu kinapanda juu ya nyuzi 25 kwako, na utoke usiku huohuo. Usingoje wikendi. Kwa nyota inayorukaruka, kadiria kila dakika tano au kumi na andika dakika kamili. Kwa iliyotulia, mara moja kwa usiku inatosha.

Kwasari: 3C 273

Mei ni mwezi wake. Mvua zimeisha, kundi la Mashuke liko juu ya kichwa, na 3C 273 hupita nyuzi 83 kutoka upeo wa kaskazini. Anzia kwenye Eta Virginis, nenda nyuzi tatu na nusu kaskazini-mashariki. Utaona nukta isiyo na sifa yoyote ya pekee, magnitudi kama 12.8. Ichukulie kama nyota nyingine yoyote na ukadirie vilevile.

Mwaka 1963 mwanaastronomia Maarten Schmidt aliutawanya mwanga wake na kugundua kwamba mistari ya mwanga wa hidrojeni imesogezwa kuelekea nyekundu kwa asilimia 16 hivi. Kadiri mistari inavyosogea ndivyo kitu kilivyo mbali, yaani ile "nyota" iko miaka ya mwanga zaidi ya bilioni mbili kutoka hapa. Kinachowaka ni gesi inayozunguka shimo jeusi kubwa kwenye kiini cha galaksi, na galaksi yenyewe huioni, imezidiwa na kiini chake. Nawapa wanafunzi zamu ya kutazama bila kuwaambia lolote, kisha nawaeleza wakiwa bado wamesimama pale gizani. Wengi hurudi kwenye foleni.

Mwanga wake hubadilika polepole, kwa hiyo kadirio moja kila baada ya wiki mbili linatosha. Ukiipima kila usiku utajichosha na kuanza kuona mabadiliko ambayo hayapo. Thamani yake inakuja miaka ikipita.

Nyota mkia

Zinahusikaje na eksirei? Mwezi Machi 1996 nyota mkia Hyakutake ilipita kilomita milioni 15 tu kutoka kwetu. Satelaiti ya Kijerumani ROSAT iliielekea, na ikaona eksirei. Hakuna aliyekuwa ameziona kabla, na wengi hawakuzitarajia, kwa sababu nyota mkia ni barafu na vumbi, kitu baridi. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni haya: upepo wa jua hubeba atomi za oksijeni na kaboni zilizopoteza elektroni nyingi, zikigonga gesi ya nyota mkia zinanyang'anya elektroni, na elektroni hizo zikitulia mahali pake hutoa eksirei. Kwa hiyo mwanga wa kichwa chake, ambao unatueleza gesi na vumbi ni kiasi gani, unahusika moja kwa moja na kile satelaiti inachokiona.

Kupima nyota mkia ni kugumu zaidi kwa sababu ni wingu. Huwezi kulinganisha wingu na nukta. Dawa yake ni kuitanua nukta. Tazama nyota mkia ikiwa kwenye fokasi sahihi, shika kichwani ukubwa wake na wastani wa mwanga wake. Kisha nenda kwenye nyota ya kulinganishia, zungusha fokasi mpaka nyota ivimbe iwe na ukubwa uleule, na ulinganishe. Rudia kwa nyota ya pili, kadiria katikati kama kawaida. Hiyo ni njia ya Sidgwick, inayofaa nyota mkia zilizotawanyika. Ikiwa kichwa kina kiini kikali, tumia ya Morris: vuruga kwanza fokasi ya nyota mkia yenyewe kidogo mpaka kichwa kiwe na mwanga sawasawa, halafu zivuruge nyota zaidi mpaka zifikie ukubwa huo. Andika njia uliyoitumia, kwa sababu matokeo yake hutofautiana.

Tumia chombo kidogo kuliko vyote kinachoionyesha vizuri. Darubini kubwa inakata kingo za wingu na kukufanya uandike kwamba ni hafifu kuliko ilivyo. Kama 10x50 inaionyesha, darubini ya milimita 200 iache kando.

Pamoja na magnitudi andika kiwango cha mkusanyiko, kutoka 0, wingu lisilo na kiini chochote, mpaka 9, inayofanana na nyota. Andika pia upana wa kichwa. Kwa darubini isiyofuata anga nafanya hivi: naishika bila kuisogeza, naacha kichwa kiingie kwenye ukingo wa uwanja, na kuhesabu sekunde tangu ukingo wa kwanza uguse mpaka wa mwisho upotee. Karibu na ikweta ya anga kila sekunde nne ni dakika moja ya tao, yaani sehemu moja ya sitini ya nyuzi. Mbali na ikweta, zidisha jibu kwa kosaini ya pembe ya umbali wake kutoka ikweta hiyo.

Nyota mkia angavu mara nyingi hukaa chini, karibu na Jua. C/2023 A3, iliyogunduliwa kwa darubini za China na Sutherland, Afrika Kusini, ilipita karibu na Jua tarehe 27 Septemba 2024. Wiki hiyo ilionekana kwetu kabla ya alfajiri mashariki, na katikati ya Oktoba ikahamia upande wa magharibi, baada ya Jua kuzama. Kwa kimo cha nyuzi 10 hewa inakula magnitudi moja au zaidi, kwa hiyo chagua nyota za kulinganishia zilizo kwenye kimo kilekile, hata kama ziko mbali kushoto au kulia. Na alfajiri, weka darubini chini dakika kumi kabla Jua halijachomoza. Sekunde moja ya Jua ndani ya lenzi inatosha kulipofua jicho, na hilo halina tiba. Kwa wanafunzi sheria hii nasimamia mwenyewe, simwachii mtu.

Kuandika na kutuma

Mstari wa daftari langu una jina la kitu, namba ya Julian na desimali yake, magnitudi, nyota mbili za kulinganishia, namba ya ramani iliyochapishwa pembeni, chombo, hali ya anga, na maoni mafupi kama vile "moshi wa mashamba upande wa magharibi". Bila nyota za kulinganishia na namba ya ramani kadirio halina maisha marefu, kwa sababu magnitudi za nyota hizo hurekebishwa, na atakayekuja baadaye hataweza kusahihisha lako.

Nyota za eksirei na kwasari hutumwa AAVSO. Ukijisajili unapewa msimbo wa herufi chache, na unajaza fomu mtandaoni. Nyota mkia hutumwa COBS, hifadhi ya vipimo vya nyota mkia inayotunzwa Slovenia. Tuma asubuhi inayofuata, kabla ya kulinganisha na ya wengine. Ukiona lako limepishana na ya wengine kwa nusu magnitudi usilibadilishe. Rudi kwenye ramani, hakikisha ulikuwa kwenye nyota sahihi, na kama ndiyo, liache lilivyo.

Msimu wa mvua usifunge darubini. Mwaka 1974 satelaiti ya Uingereza, Ariel 5, ilirushwa kutoka jukwaa lile la Malindi, na Agosti 1975 ikakuta chanzo kipya katika kundi la Munukero. Kwa muda kiliizidi hata Scorpius X-1. Kinaitwa A0620-00, au V616 Monocerotis: shimo jeusi na nyota ndogo, miaka ya mwanga 3,500 hivi kutoka hapa. Kilifikia magnitudi kama 11, kisha kikarudi 18. Walipopekua picha za zamani za anga za Chuo Kikuu cha Harvard wakakuta kiliwahi kulipuka pia mwaka 1917. Hakuna ajuaye kitaamka lini tena. Januari na Februari, mawingu yakikatika, kipo juu ya kichwa, theluthi moja ya njia kutoka Betelgeuse kwenda Shira, ukisogea kidogo mashariki. Uwanja wake nimeuchapisha na kuuvika plastiki. Ukitoka, angalia pale kwanza. Ikiwa hakuna kitu, tafuta nyota hafifu kuliko zote unayoiona, andika <13.5 au chochote utakachofikia, weka saa, tuma.